Safu ya Tatu, Kaburi la Kumi na Nne

1

"Hana kichwa," Kyalo alisema.

Mghoi Mwakisha hakuinua macho kutoka kwenye kioo chake cha mkononi. "Pima tena."

"Nimepima mara tatu, Injinia. Miguu ipo. Nyonga ipo. Mbavu zipo zote isipokuwa mbili. Uti wa mgongo unapanda vizuri, pingili kwa pingili, mpaka shingoni. Halafu udongo."

"Labda mzizi umepotea njia."

"Nimeotesha mingine sita kuuzunguka. Huyu bwana hana kichwa."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi katika makaburi ya kivita ya Maili Thelathini, kando ya tuta la reli kuukuu kati ya Voi na Taveta. Tangu alfajiri mizizi ya kioo, kila mmoja mwembamba kuliko unywele, ilikuwa ikishuka ardhini kati ya mashina ya nyasi. Ilipofika kwenye mfupa iliugusa na kuusoma: madini ya maji ambayo mtu alikunywa utotoni, mizigo aliyoibeba, vinasaba vilivyosalia. Hakuna jembe lililoguswa. Hakuna jani lililovunjika, na hilo Mzee Mwasaru, mtunza makaburi, alikuwa amelikagua mwenyewe kwa kupiga magoti, miwani mkononi, akinung'unika.

Safu mbili za kwanza zilikuwa zimekamilika. Mawe arobaini na manne, watu arobaini na wanne, kila mmoja chini ya jina lake. Safu ya tatu nayo ilikwenda sawa hadi jiwe la kumi na tatu.

Jiwe la kumi na nne lilisema: Hendrik Lourens, askari, miaka 19, Machi 1916.

Kioo kilitetema. Daftari, akili ya mashine iliyoendesha Ramani Hai, ilikuwa imekwisha kuvisoma vipimo vya Kyalo na kuandika tafsiri yake ya awali:

Hendrik Lourens. Alikatwa kichwa. Wanaokisiwa kuhusika: wenyeji wa eneo. Uhakika: asilimia 64.

Kyalo alisomea begani mwake. "Wenyeji wa eneo," alisema. "Yaani nyinyi Wataita."

"Yaani sisi Wataita."

"Mama alinionya nilipopangiwa kazi huku. Akasema, Kyalo, angalia shingo yako."

"Mama yako ana akili. Nyamaza nifikiri."

Ramani ingefunguliwa saa sita mchana. Katika nchi arobaini watu wangevaa miwani na kutembea kati ya mawe haya kana kwamba wapo hapa, nao wangeonekana kwenye vioo vya wapimaji, na juu ya kila kaburi wangeona sura, jina na namna mtu alivyokufa. Huko Karoo, kusini kabisa mwa Afrika, jamaa kumi na saba wa ukoo wa Lourens walikuwa wameshakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Na kilichofunguliwa hakikufungika tena. Nakala za Ramani Hai zilikaa kwenye mashine elfu kumi na hakuna aliyekuwa na ufunguo wa kufuta. Ilitengenezwa hivyo kwa makusudi, baada ya serikali mbili kujaribu kufuta makaburi zisiyoyapenda. Tafsiri iliyovuka asilimia sitini iliingia yenyewe, isipokuwa kama mpimaji mkuu wa eneo ameweka ushahidi wa kuipinga kabla ya saa ya kufunguliwa.

Mpimaji mkuu wa eneo alikuwa Mghoi. Alikuwa na saa tatu na nusu.

2

Alianza na urefu. Mfupa wa paja ulimpa mtu wa sentimita mia moja sitini na nne. Jalada la jeshi lilimpa Lourens mia moja themanini na tatu.

"Watu hunywea wakifa," Kyalo alisema.

"Si kwa sentimita kumi na tisa."

Kisha alitazama shingo. Pingili tatu za juu zilikuwa zimesagika na kupanuka kingo, mabadiliko ambayo huchukua miaka. Mvulana wa miaka kumi na tisa aliyekulia juu ya farasi hawezi kuwa nayo. Hayo ni ya mtu aliyebeba mizigo kichwani tangu ujana wake. Mwishowe alifungua kipimo cha strontiamu, madini ambayo mwili huchukua kutoka kwenye maji na chakula na ambayo hutofautiana kwa kadiri ya umri wa miamba. Nyanda za Karoo zina namba zake. Hii ilikuwa namba ya juu sana, namba ya miamba mikongwe. Mghoi aliitafuta kwenye jedwali, ingawa tayari aliijua. Alikuwa ameipima mwenyewe, miaka minne iliyopita, katika chemchemi za vilima vilivyoonekana sasa mbele yake, kaskazini ya makaburi, vikiwa na ukungu vileleni.

"Huyu si Lourens," alisema. "Huyu amekulia pale."

Kyalo aligeukia vilima. "Mtaita? Kwenye safu ya Wazungu?"

"Mpagazi."

Wote wawili walijua maana ya neno hilo mahali hapa. Katika vita vile, jeshi lililokwenda Taveta kupigana na Wajerumani lilibebewa kila kitu: risasi, unga, maji, mahema, majeruhi. Waliobeba walikufa wengi kuliko waliopiga bunduki, wengi wao kwa kuhara na homa. Askari alizikwa chini ya msalaba wa mbao na kuandikwa kwenye orodha. Mpagazi alizikwa palipokuwa na nafasi. Miaka saba baadaye walikuja mafundi na mawe meupe, orodha mkononi, wakaweka jiwe moja kwa kila jina. Kazi yao ilikuwa kuhesabu majina. Hawakuambiwa kuhesabu watu.

Mghoi alinyanyuka ghafla hata kioo kikamponyoka, akakidaka kabla hakijafika chini.

"Kumi na tano mpaka ishirini na mbili," alisema. "Uhakika wake ni ngapi?"

"Mbaya wote. Asilimia kumi, kumi na mbili, nane. Daftari inasema majalada yameharibika."

"Majalada ni mazima. Chukua mizizi, nenda mwisho wa safu. Otesha baada ya jiwe la ishirini na mbili."

"Baada yake hakuna kitu. Kuna ua tu na yale maua ya Mzee."

"Otesha kwenye maua."

"Injinia, Mzee Mwasaru ataniua, na safari hii Daftari itasema kweli."

Lakini alikwenda, akikimbia, boksi la mizizi likimpigapiga mgongoni. Mzizi ulihitaji dakika arobaini kushuka mita moja na nusu. Mghoi alizitumia kupanga majalada tisa mbele yake, jalada la kila askari dhidi ya mifupa ya jirani yake, upande wa kusini. Aliona kwamba alikuwa akihesabu kwa sauti.

"Yupo," Kyalo aliita kutoka kwenye maua. "Yupo! Mtu mzima, mwanamume, mguu wa kulia una risasi. Kichwa anacho, asante Mungu."

Mghoi alibonyeza.

Kwenye kioo namba zilianza kupanda. Jiwe la ishirini na mbili, mtu wa ishirini na tatu: asilimia 96. Jiwe la ishirini na moja, mtu wa ishirini na mbili: 98, pamoja na kidole kilichokatika ambacho daktari wa jeshi alikuwa amekiandika mwaka mmoja kabla ya vita. Zilipanda moja baada ya nyingine, safu nzima ikisogea mahali pake, hadi ikafika kwa kijana wa sentimita mia moja themanini na tatu, aliyelala nafasi ya kumi na tano na meno yake yote kinywani. Hendrik Lourens, asilimia 97.

Mawe ishirini na mawili, watu ishirini na watatu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, familia tisa zilikuwa zimewekea maua kaburi la jirani.

Kyalo alirudi akihema, magoti yamejaa udongo, akatazama kioo, akaanza kucheza pale pale kati ya mawe, mabega yakiruka. Mghoi alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka kazini.

"Sasa kilichobaki ni kichwa," Kyalo alisema alipotulia. "Fisi?"

Mghoi alivuta picha ya udongo. Juu ya shingo palikuwa na shimo la pili, dogo, lililochimbwa baada ya kaburi kufukiwa na udongo wake kutulia. Mwaka mmoja baadaye, labda miwili. Lilikuwa la duara. Lilishuka wima hadi kichwani na halikugusa bega. Pingili zote saba za shingo zilikuwepo, na hakuna hata moja yenye alama ya kisu.

"Fisi hachimbi duara," alisema.

"Nani huchimba duara?"

Mtu alikohoa nyuma yao.

3

Mzee Mwasaru Kidai alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, mwembamba, mwenye kofia ya jua iliyofifia na mkasi wa majani ukining'inia kiunoni kama bastola. Siku ya kwanza alikuwa amemsalimu Mghoi kwa Kidawida, lugha ya Wataita, naye Mghoi, aliyekulia Nakuru, akamjibu kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo alimwita Injinia tu, na si mwanangu.

"Mmepitisha waya kwenye maua yangu," alisema.

"Shikamoo, Mzee. Hatujavunja hata moja."

"Marahaba. Nimehesabu." Alitazama kioo, akaangalia lile shimo la duara kwa muda. "Ilichukua muda mrefu, nikadhani labda hamtafika."

"Ulijua?"

"Babu yangu alikata nyasi hapa. Akafuata baba. Nikafuata mimi. Ulidhani tunapenda nyasi?"



"Ni ndugu wa babu yako?" Mghoi aliuliza.

"Ndugu wa baba wa babu yangu. Alikufa kwa kuhara, hapo reli ilipoishia. Rafiki zake wapagazi walimtia kwenye shimo lililokuwa limechimbwa kwa askari, kwa sababu lilikuwa wazi na wao walikuwa wamechoka. Mwaka wa pili ndugu yake alishuka na wazee wawili, wakamchukua."

"Kichwa."

"Ndicho mtu mwenyewe, Injinia. Kwetu ukishazikwa, baada ya muda kichwa chako huchukuliwa ukakae na wenzako waliotangulia pangoni, mahali mlima unapowaona watoto wako. Kiwiliwili hubaki. Hakuna aliyemkata. Walimfuata kumrudisha nyumbani. Kisha babu akaomba kazi hapa, kwa sababu kiwiliwili nacho si cha kutupa."

Mghoi alikuwa amesoma juu ya mapango hayo chuoni, kurasa mbili na picha moja. Hakuwa ameyafikiria asubuhi ile. Alitazama mlima, kisha akajuta, kana kwamba macho yake yangelifichua pango.

"Mzee, unajua Kifungu cha Tisa?"

"Nakijua. Nilikuona kwenye habari ulipokishangilia."

Ilikuwa kweli. Kifungu cha Tisa cha sheria ya mabaki ya wafu kilisema mabaki ya mtu mmoja lazima yawekwe mahali pamoja. Kilitungwa kwa sababu ya mafuvu ya Waafrika yaliyobebwa kwenda Ulaya enzi za ukoloni na kuwekwa kwenye makabati yenye namba. Mghoi alikuwa kwenye kundi lililorudisha arobaini na moja kati ya hayo. Alikuwa amebeba sanduku moja kwa mikono yake, kutoka kwenye ndege mpaka kwenye gari, na hakuna kazi aliyoiamini kuliko ile. Kifungu hakikuwa na neno juu ya kichwa kilichochukuliwa na ndugu. Waliokiandika, na yeye akiwemo, hawakuwahi kufikiri kwamba kuna kichwa kilichotengwa na mwili kwa heshima.

"Nilifurahi siku ile," Mzee Mwasaru alisema. "Yale yaliibwa. Hili halikuibwa."

"Daftari haitofautishi. Nikiandika lilipo, wiki ijayo itakuja timu na sanduku. Na pango litaonekana kwenye ramani. Watu wataingia."

"Basi usiandike."

"Nisipoandika kitu, saa sita dunia itasoma kwamba babu zako walimkata kichwa mvulana wa Kizungu."

"Wewe ndiye mwenye elimu. Tafuta njia."

Kyalo alitazama saa. "Saa tano kasoro kumi," alisema kwa upole.

4

Alitafuta njia kwenye ushahidi, kwa kuwa huko ndiko alikojua kutafuta.

Kuondoa tuhuma kulikuwa rahisi. Aliambatisha urefu, pingili, strontiamu, safu iliyosogea na shimo la duara. Daftari ilivisoma kwa sekunde kumi na moja, na ile asilimia 64 ikaporomoka hadi tatu. Neno wenyeji likatoweka. Kyalo alipiga kofi moja, kubwa.

Kisha Daftari ikaandika: Mtu mpya, safu ya tatu, nafasi ya 14. Thibitisha utambulisho.

"Kwa kawaida ningehitaji jino," Mghoi alisema. Alichukua kijiti cha pamba kwenye boksi na kumnyooshea Mzee Mwasaru. "Lakini ukoo wenu umepitia kwa wanaume, kutoka kwa ndugu yake mpaka kwako. Paja lake lina vinasaba vya kutosha. Fungua mdomo."

"Nimekula mihogo."

"Mihogo haina vinasaba vya babu yako."

"Hujui mihogo ya mke wangu," Mzee alisema, lakini alifungua.

Dakika ishirini baadaye jibu lilitoka. Ukoo mmoja wa kiume, umbali wa vizazi vitatu hadi vitano, asilimia 99. Mghoi alilisoma kwa sauti. Mzee Mwasaru alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alichokisahau humo, akaivaa tena.

"Jina lake nani?" Mghoi aliuliza.

"Nikiona ulichoandika, nitakwambia."

Palibaki nafasi moja ya kujaza. Daftari haikukubali kuipita, kwa sababu Kifungu cha Tisa kilikuwa kimejengwa ndani yake: Fuvu liko wapi?

Chaguo zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuweka alama za mahali. Ya pili, Halijulikani. Ya tatu iliwekwa kwa ajili ya vita vinavyoendelea na haikuwahi kutumiwa na mpimaji yeyote: Linajulikana, limezuiliwa.

Kyalo aliinama karibu. "Bonyeza Halijulikani, twende tukale. Hujaliona. Hujapanda mlima. Ni kweli kabisa hujui lilipo."

"Najua liko pangoni na nani alilipeleka."

"Unajua hadithi. Mzee amekupigia hadithi. Mzee, si umempigia hadithi?"

"Mimi sijasema kitu," Mzee Mwasaru alisema. "Nimekuja kuangalia maua."

Ilikuwa njia nyepesi, na Mghoi aliitazama kwa haki. Isingemdhuru mtu leo. Lakini Halijulikani lilikuwa na maana kamili katika Ramani Hai: lilimaanisha lililopotea. Chini ya kila Halijulikani, Daftari ilifungua msako, na msako ulitumia mashine ziendazo kwenye kila bonde na kila mwamba ndani ya kilomita hamsini, bila kuchoka, hadi zipate. Zingekuta pango hili na mengine yote. Zaidi ya hayo, lilikuwa uongo. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kuondoa uongo mmoja kwenye kaburi lile. Hakuona sababu ya kuweka mwingine, hata kama ni mdogo na wa adabu.

Chaguo la tatu halikufungua msako. Lilimfungulia mashtaka aliyelichagua. Leseni ya mpimaji ilizimwa papo hapo, na mwenyewe aliitwa mbele ya Tume iliyosimamia Ramani Hai kueleza amezuia nini, na kwa nini. Kama Tume ingeshindwa kumsemesha, fuvu lingebaki lilipo.

"Miaka kumi na mitano ya kazi," Kyalo alisema, maana alikuwa ameona kidole chake kilipoelekea. Hakutania sasa. "Injinia. Mghoi. Fikiri."

"Nimefikiri."

Alichagua la tatu. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika mistari miwili na kumgeuzia Mzee Mwasaru kioo. Mzee alivaa miwani na kusoma polepole, midomo ikitembea:

Fuvu lilichukuliwa na ndugu zake kwa desturi yao, yapata mwaka 1918, na limetunzwa tangu hapo. Najua lilipo. Siandiki, na sababu nitaieleza Tume kwa jina langu: Mghoi Mwakisha.

"Watakuja kwako kwanza," Mzee alisema.

"Ndiyo."

"Watakubana."

"Wana utaratibu. Inachukua miezi. Nitawaeleza kosa la Kifungu, na mimi mwenyewe nimo kwenye kosa hilo."

Mzee Mwasaru alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha alimwambia jina, na jina la baba yake, na mlima aliotoka, kwa Kidawida, na safari hii alingoja mpaka Mghoi akayarudia yote bila kukosea.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Andika."

Aliandika. Zilibaki dakika mbili.

Saa sita kamili Ramani Hai ilifunguka. Ndani ya kioo majina tisa yalisogea hatua moja kuelekea kusini, moja baada ya jingine, kama watu wanaompisha mwenzao akae kwenye benchi. Juu ya nafasi ya kumi na nne nuru ilianza kujikusanya. Mghoi aliinama kuitazama, na hapo hapo kioo kikafifia, kikawa cheusi. Leseni yake ilikuwa imezimwa. Aliona uso wake tu, na anga nyuma yake.

"Kyalo," alisema. "Mimi sioni tena. Nisomee."

Kyalo alichukua kioo chake mwenyewe, akakifuta udongo kwa ukingo wa shati. Mzee Mwasaru alisogea kusikia.

"Safu ya tatu, kumi na nne," Kyalo alisoma. "Ndau wa Mwalola. Mpagazi. Miaka thelathini hivi. Wa Mbololo. Jirani zake: kaskazini, koplo Thomas Ashdown. Kusini, Hendrik Lourens." Alisita. "Kuna mtu amesimama mbele yake tayari. Ni mama mmoja wa huko Karoo. Alikuwa amekuja kwa Lourens, sasa amesoma, anaangalia huku na huku. Ameinama."

"Anafanya nini?"

"Alikuwa na shada moja tu," Kyalo alisema. "Analigawa."